Uzi wa Buluu, Uzi Mwekundu: Gunia Moja kutoka Sur hadi Nizwa

Sikuondoka Ibra kwa kupenda. Mimi ni mtu wa kukaa. Nikishapata kiti changu, chai yangu ya tangawizi na kitabu, dunia na iende itakako. Kilichonitoa nyumbani ni swali moja, na aliyeniuliza alikuwa ameshika kalamu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka wangu wa pili kusomesha tarehe, yaani historia, katika skuli ya wavulana ya Ibra. Nilizaliwa Unguja mjini, nikasoma huko na kusomesha huko, mpaka mambo yalipogeuka nikajikuta Oman, nchi ya babu zangu, nikiwa na cheti cha ualimu, mke, watoto wawili, na Kiarabu cha kuombea dua. Kiarabu cha dua ni kizuri, lakini hakitoshi kumweleza mtoto habari za forodha. Wanafunzi wangu walinicheka kwa adabu, wakiinamisha vichwa kama wanaotafuta kitu chini ya dawati.

Siku hiyo somo lilikuwa namna bidhaa za ng'ambo zilivyofika masoko ya ndani ya Ulaya katika karne zile za makoloni ya mwanzo. Somo hili nalijua. Nilichora ramani ubaoni: pilipili manga, mdalasini, sukari, kahawa na tumbaku zinateremshwa Lisbon, Amsterdam na Hamburg, zinapakiwa mashuani na kupanda mto Rhine na mto Elbe, kila ngome njiani ikitoza ushuru wake, zinafika minada mikubwa ya Frankfurt na Leipzig, kutoka hapo wachuuzi wanazibeba mgongoni mpaka vijiji vya milimani. Ramani ilipendeza. Maelezo ndiyo yaliyokwama, kwani kila neno la tatu nililitafuta nisilipate.

Nyuma ya darasa alikaa mkaguzi wa skuli, mtu wa Nizwa, kilemba chake kimefungwa vizuri na bakora yake iko magotini. Nilipomaliza aliinua kalamu.

"Ustadh," aliniuliza, "huyo mkulima wa milimani kwao hajaiona bahari tangu kuzaliwa. Pilipili imepita mikono kumi kabla ya kumfikia. Alijuaje kuwa haikuchanganywa na mchanga?"

Nilimjibu kama kitabu kinavyosema, kwamba kila mfanyabiashara alikuwa na alama yake, akiichora juu ya robota na mapipa yake.

"Alama," alisema. "Na alama inalindwa na nani?"

Niligeukia ubao nikaanza kufuta ramani.

Baada ya kengele alinichukua pembeni, akanambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, kwamba atarudi likizo ikimalizika. Kama bado mimi na wanafunzi hatuelewani, iko kazi ya kutunza stoo ya vitabu, kazi ya heshima, haina haja ya kusema sana. Nilimshukuru. Kusomesha ndiyo kazi pekee niliyoijua maishani, na nilikwenda nyumbani nikiwa kama mtu aliyeambiwa atakatwa ulimi kwa ihsani.

Mke wangu Maryam alinisikiliza huku akipepeta mchele. Halafu akacheka. "Wewe umezaliwa ndani ya harufu ya karafuu, unakwenda kuwauliza Waholanzi? Karafuu za maduka ya Nizwa zinatoka kwetu, zinashukia Sur. Ifuate njia uione. Na huko njiani utaokota na hayo maneno yako." Nilikasirika kwa kiasi cha nusu saa, maana mke akiwa na haki ni jambo zito kumeza. Kisha nikatafuta mkoba.

Likizo ilipoanza, Jumamosi asubuhi niliondoka Ibra kwenye gari dogo la mizigo lililokuwa likirudi Sur tupu. Lami ilikuwa haijafika upande ule. Tulikwenda kwenye changarawe, tukapita Al Qabil na mitende yake, tukapita ukingo wa jangwa la Wahiba, na mpaka naiona bahari ya Sur nilikuwa na vumbi hata kwenye nyusi. Nilipoisikia harufu ya chumvi moyo ulinifunguka. Nilisimama pale pwani kidogo, nikajiambia: hii ndiyo Amsterdam yako.

Sur nilimwendea Bwana Mbarak, mfanyabiashara ambaye marehemu mama yake alikuwa wa Unguja. Kiswahili chake kilikuwa kile chetu cha zamani, kilichotunzwa vizuri kama nguo ya Idi. Aliniingiza ghalani kwake. Mchele ulikuwa upande huu, sukari upande ule, papa mkavu amewekwa mbali peke yake kwa sababu zijulikanazo, na kwenye kona kavu kuliko zote yalikuwa magunia machache ya karafuu. Aliniambia hazikuja moja kwa moja kama enzi za wazee. Zilipitia Mombasa, zikaletwa na chombo cha mashine. Nilipachika pua yangu kwenye gunia nikakaa hivyo muda, na Bwana Mbarak, Mungu amjaalie kheri, alijifanya anatafuta kitu nje.

Nilipomweleza swali la mkaguzi, alinionyesha mdomo wa gunia. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono mitatu iliyonyooka na mmoja wa msalaba, halafu mitatu tena, mpaka mwisho.

"Huu ni mshono wangu," alisema. "Kila mtu wa Sur anao wake. Mzee Khalfan, mwenye duka anayenunua kwangu huko Nizwa, hanijui sura, wala mimi simjui yake. Gunia likifika, hafungui, hapimi. Anautazama mshono, basi."

Niliandika daftarini kwa furaha. Alama, niliyoisoma miaka yote, hii hapa mbele yangu na uzi wake. Nikadhani safari imekwisha kabla haijaanza.

"Unataka kujua kweli, Maalim?" Bwana Mbarak aliendelea. "Basi fuatana nalo. Siku zote Hamdun dereva ndiye hulipeleka. Safari hii liko mikononi mwako. Ni amana." Nikakubali mara moja, kwa wepesi wa mtu asiyejua alichokubali.

Kabla ya kuondoka nilipenyeza kidole kwenye tundu la gunia nikatoa karafuu moja. Nikaikunja. Karafuu kavu huvunjika, tena kwa mlio, hii ilijikunja. Hewa ya bahari ilikuwa imeshaingia. Nikamwambia Bwana Mbarak kuwa mzigo umeshika unyevu. Aliniambia niache, hakuna neno. Niliitikia, lakini sikuacha. Mtu wa Unguja haambiwi na mtu wa Sur habari za karafuu.

Jumapili alfajiri tulipakia. Hamdun alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, na Kiarabu chake kilikuwa cha haraka kuliko lori lake. Gunia la karafuu alilifunga nyuma ya viti vyetu, mbali na papa, akalipiga kofi mara mbili kama anayemtuliza ng'ombe. Njiani nilimuuliza jina la kila kitu: kamba, turubai, mchukuzi, ushuru. Alinijibu, mwanzo kwa subira, baadaye kwa kuguna. Kwenye kizuizi cha askari tulisimamishwa, askari akapapasa magunia, akaonja zabibu za mtu, akaturuhusu. Nilifikiria zile ngome za mto Rhine nikacheka peke yangu. Hamdun alinitazama kwa jicho la pembeni.

Alasiri tulifika Al Mintirib. Hapo anakaa Bi Zayana, shangazi yake Maryam, mjane aliyezaliwa Tabora, mshonaji wa nguo za mji mzima. Nilimpa shikamoo, akanipa marahaba, wali na maneno mengi. Hamdun alikuwa na mizigo ya kushusha vijijini na mpira wa kutiwa kiraka, kwa hiyo tukakubaliana kwamba atanifuata kesho yake mchana. Gunia nililishusha nikalilaza karibu na kitanda changu.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka na jua zuri, kavu, lisilo na wingu. Nikatoa karafuu nyingine, nikaikunja. Haikuvunjika. Nikaanza kumwona Mzee Khalfan akikunja uso mbele ya wateja wake na kusema karafuu za Zanzibar siku hizi ni mbovu. Hilo sikuweza kulivumilia. Kwetu msimu ukifika huanikwa kila mahali, uwanjani, barazani, hata kando ya barabara, na mtoto mdogo anajua kuwa dawa ya karafuu mbichi ni jamvi na jua. Bi Zayana alikuwa amekwenda kwa jirani kupima nguo. Nikachukua wembe, nikakata uzi wa buluu, nikatandika mkeka mkubwa uani nikamwaga karafuu zote, nikazisambaza kwa viganja kama nilivyofundishwa na bibi yangu. Ua mzima ulinukia Pemba. Nikakaa kivulini nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Upepo ulianza kabla ya adhuhuri. Mwanzo ulikuwa wa kupepea, nikaushukuru. Kisha ukaja wa kweli, kutoka upande wa Wahiba, na ukaja na mchanga. Haukuwa mchanga wa pwani, mzito, unaoujua. Huu ulikuwa mwembamba kama unga wa ngano, ukaruka ukuta, ukatanda. Nilijitupa juu ya mkeka kujaribu kuzifunika kwa kanzu yangu, mikono na miguu nje, na hivyo ndivyo Bi Zayana alivyonikuta.

"Mwalimu," alisema, na midomo ilikuwa ikimcheza, "unaogelea?"

Hakunilaumu. Aliwaita wake wa wanawe wawili, wakaja na nyungo na vitambaa vya kufunga puani. Wakapepeta na kuchekecha mpaka karibu na alasiri, na mimi nikipewa kazi ya kuokota zilizoanguka, kazi ya mtoto. Mchanga mwingi ulitoka. Lakini karafuu ina kichwa chenye meno manne, na ndani ya yale meno mchanga mwembamba ulikuwa umejikalia. Bi Zayana alitafuna moja akatema. "Hizi zitapikika," alisema, "lakini mpishi atamlaani mtu bila kumjua jina."

Hamdun aliingia wakati tunajaza gunia. Nilijiandaa kumweleza kuhusu mchanga. Yeye hakuzitazama karafuu hata kidogo. Aliutazama mdomo wa gunia, akachukua kipande cha uzi wa buluu kilichoanguka chini, akakaa kizingitini.

"Umekata uzi," alisema.

Nilianza kueleza unyevu, jua, bibi yangu. Alinisubiri nimalize. Kisha akanieleza taratibu, kwa Kiarabu cha pole pole alichonichagulia, kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kupeleka gunia lenye mshono uliokatwa. Hana duka, hana ghala, na lori lenyewe ni la watu. Alichonacho ni kwamba gunia la Mbarak likiwa kwa Hamdun halifunguki. Nizwa wataliona gunia limefunguliwa, na watamtazama nani? Mimi ni mgeni, kesho sipo. Watamtazama yeye.

Niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Nilisafiri kutafuta anayeilinda alama, na nimeikata kwa wembe wangu mwenyewe huku mlinzi wake akitia kiraka mpira.

Bi Zayana ndiye aliyetangulia kusogea. Aliokota mabaki ya uzi, akayageuza geuza. "Buluu hii ninayo," alisema. "Na mshono wenyewe naweza kuuiga, mitatu na msalaba, mitatu na msalaba. Hata huyo Mbarak hatautofautisha."

Hamdun alinitazama mimi. Nami nasema kweli, kwa kuwa wenzangu mliobaki Unguja mnaosoma haya mnanijua: nilitaka. Ningefika Nizwa, ningepokewa, Hamdun angebaki na jina lake, nami ningerudi Ibra na daftari limejaa. Bi Zayana alikwisha kutunga uzi wa buluu kwenye shazia, ile sindano nene ya magunia. Ndipo likanirudia swali la mkaguzi na ile kalamu yake. Alama inalindwa na nani? Kama inalindwa na fundi hodari wa Al Mintirib, basi hailindwi na mtu.

Nikamuuliza Bi Zayana kama ana uzi wa rangi nyingine. Alikuwa na mwekundu. Nikamwomba shazia nikashona mwenyewe. Sikuwahi kushona kitu kabla ya hapo. Mishono ilikwenda kombo kama njia ya mbuzi, na vipande vya uzi wa buluu nikavifunga pembeni vionekane. Wake wa wanawe walijifunika nyuso wakacheka.

"Mwekundu huo Khalfan ataniuliza mimi kwanza," Hamdun alisema.

"Nitasema mimi kabla hajauliza."

"Kwa Kiarabu chako?"

Ilikuwa haki yake kuuliza.

Jumanne asubuhi tuliondoka Al Mintirib, na kutoka hapo mpaka Nizwa nilikuwa mwanafunzi. Hamdun alinisomesha bila huruma maneno ya kumwambia Khalfan kwa Kiarabu, nami nikirudia moja moja. Mimi niliukata uzi. Mimi nilimwaga. Upepo ulileta mchanga. Hamdun hakuwepo. Tulipofika Al Qabil alinirudisha mwanzo kwa sababu nilikosea, nikasema Hamdun aliukata uzi na mimi sikuwepo. Hakucheka. Tulipita Ibra, nikasimama nyumbani dakika chache kumsalimu Maryam, ambaye aliutazama mshono wangu mwekundu, akaingia ndani akafunga mlango ili acheke kwa nafasi. Tulilala Mudhaibi kwa jamaa wa Hamdun. Jumatano tulipita Izki, kisha Birkat al Mawz na mashamba yake ya ndizi, na kufikia hapo nilikuwa naweza kuisimulia hadithi nzima ya aibu yangu bila kusita, tena kwa lafudhi ya watu wa Sur. Hakuna kitabu kilichopata kunisomesha lugha kama ile hofu.

Alasiri tukaingia Nizwa. Duka la Mzee Khalfan lilikuwa kwenye uchochoro wa soko, chini ya ngome, limejaa magunia, makopo ya samli na kahawa. Yeye mwenyewe alikuwa mkavu, mrefu, mwenye ndevu nyeupe chache. Tulisalimiana, tukaulizana habari, akaleta tende na kahawa. Wakati wote huo macho yake yalikuwa yameshalifikia gunia. Yakakaa kwenye uzi mwekundu, halafu yakahama, taratibu, kwa Hamdun.

Niliweka finjali chini nikasema. Nilisema yote kwa mpango niliosomeshwa, na mwisho nikaongeza ambalo sikusomeshwa: kwamba Bwana Mbarak aliniambia niziache na sikusikia. Mzee Khalfan hakunikatiza. Aliukata mshono wangu, akachukua karafuu moja akaitafuna. Sote watatu tuliusikia mchanga.

"Nani alishona?" aliuliza.

"Mimi."

"Inaonekana," alisema. "Na buluu haikupatikana?"

"Ilipatikana. Lakini buluu ni ya Mbarak."

Alitafuna kidogo tena, akimwangalia Hamdun, na safari hii jicho lilikuwa jingine. Akammiminia kahawa yeye kwanza. Kisha akanigeukia na kunieleza, kama mtu anayemweleza mtoto wa watu, kwamba karafuu zote zinazotoka Sur zinafika na unyevu. Zinalala dukani kwake siku mbili tatu, na hewa ya Nizwa inazikausha yenyewe ndani ya gunia. Huku bara hakuna mtu anayeanika karafuu.

Maarifa yangu yote ya Unguja, na ya bibi yangu, yalifaa Unguja. Nilimwomba Mzee Khalfan kahawa nyingine ili nipate pa kuficha uso.

Ijumaa asubuhi, siku ya soko kubwa, Mzee Khalfan alimkabidhi dalali sehemu ya karafuu zile. Mimi nilidhani ataziuza polepole dukani kwa wasiojua. Dalali alizibeba kwenye kapu akazunguka mbele ya watu waliokaa wamejipanga, akinadi kwa sauti ya kufika mlimani: karafuu za Zanzibar, harufu yake kamili, zimeingia mchanga wa Wahiba, zimepepetwa, mchanga bado umo, mwenye kununua azioshe. Mzee Khalfan alinitaka nitembee nyuma ya dalali. Sikuuliza kwa nini. Nilitembea raundi tatu na kilemba changu cha kiserikali, na kila aliyecheka nilimwona. Bei ilishuka kidogo, lakini zilinunuliwa mpaka ya mwisho.

Mnunuzi mmoja alikuwa mzee wa Misfat al Abriyeen, kijiji kilichobandikwa mlimani huko juu, ameteremka na punda wake. Alijaza kitambaa karafuu za mkewe, za kusaga na kutia kwenye nywele. Nikaketi karibu naye nikamuuliza, kwa Kiarabu changu kipya, kama aliwahi kuiona bahari. Hajaiona, wala hana haja nayo. Nikamuuliza: sasa unajuaje kuwa hizi ni karafuu za kweli, na wewe huko zinakotoka hukujui, na waliozileta huwajui?

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza anajuaje kuwa huyu ni punda.

"Wa Sur simjui," alisema. "Namjua Khalfan. Khalfan ameniambia mchanga umo. Kwa hiyo kilichobaki ni karafuu."

Niliandika maneno hayo daftarini palepale, nimekaa chini ya ukuta. Alikuwa ndiye hasa, yule mkulima wa milimani niliyemchora ubaoni nikashindwa kumsemea. Sikumhitaji tena wa Ulaya anieleze. Huyu aliwaeleza wote wawili.

Jumamosi nilirudi Ibra na Hamdun. Mzee Khalfan alinipa kiganja cha karafuu na nyuzi zote mbili, ule mwekundu na ule wa buluu, zimefungwa fundo. Njiani Hamdun aliongea kuliko safari yote ya mwanzo. Aliniambia kwamba pale dukani, Khalfan alipomtazama, alikuwa ameshahesabu kazi yake imekwisha. Nikamwomba radhi, akasema khalas, yamepita, akanisahihisha jinsi nilivyolitamka neno radhi.

Wiki ya kwanza baada ya likizo mkaguzi alirudi na bakora yake, akakaa palepale nyuma. Sikuchora ramani. Niliweka karafuu mezani, nikawagawia wanafunzi watafune, nikawasimulia safari kwa Kiarabu chenye makosa na lafudhi ya Sur. Walicheka, lakini safari hii hawakuinamisha vichwa. Nilipofika kwenye kuogelea juu ya mkeka darasa zima lilikuwa hoi. Ndipo nikawapeleka Amsterdam. Robota limeshonwa, alama imechorwa. Mwenye mashua, mwenye gari la farasi, mchuuzi wa mgongoni, kila mmoja anamjua wa mbele yake na wa nyuma yake tu. Nikawauliza mimi sasa: mwanamke wa kijijini huko juu, akinunua pilipili, anamwamini nani? Mikono ikapanda kama mitende. Walikuwa watoto wa wachukuzi na wenye maduka. Jambo lenyewe walilijua kabla yangu, walikosa tu mtu wa kuwauliza.

Mkaguzi aliomba karafuu. Akatafuna, na niliona taya lake likisimama pale alipoufikia mchanga.

"Alama inalindwa na nani, Ustadh?" aliuliza.

"Na mwenye kusema alipoiharibu," nilimjibu. "Nusu nyingine inalindwa na Hamdun."

Aliandika muda mrefu. Alipokuwa akitoka aliniambia kuwa Kiarabu changu bado ni kibaya, lakini stoo ya vitabu itampata mtu mwingine. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, na nilipomwambia Maryam aliendelea kupepeta mchele wake huku machozi yakimdondoka ndani ya ungo. Nami nililia, sioni haya kulisema.

Msimu uliofuata, asubuhi moja kabla ya kengele, lori lilisimama mbele ya lango la skuli. Alikuwa Hamdun. Alishusha gunia la karafuu la Bwana Mbarak, uzi wa buluu mzima, mitatu na msalaba, haujaguswa. Mfukoni akatoa shazia na kibonge cha uzi mwekundu. Aliniambia Mzee Khalfan ametuma salamu, na kwamba magunia ya karafuu yanayopita Ibra anayataka yawe na mshono wa Maalim pembeni ya ule wa Mbarak. Nilimtazama nione kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Wanafunzi walikwisha kusongamana langoni. Nikapiga magoti kwenye vumbi na kanzu yangu ya kazini, nikatunga uzi. Baadhi yao walikuwa na mama zao mafundi, na wakajitolea kunionyesha namna ya kunyoosha mshono. Niliwakatalia. Nilishona kombo vilevile kama nilivyoshona Al Mintirib, Mzee Khalfan asije akadhani ni mtu mwingine.